Nyumba Moja, Dola 23,420: Kesi ya Sheetz na Kaunti ya El Dorado Kuhusu Ada ya Barabara

Mwaka 2016 kuna mzee mmoja wa California, George Sheetz, alitaka kuweka nyumba kwenye kiwanja chake, yeye na mke wake, na mpango wao ulikuwa wamlelee mjukuu wao hapo. Sio ghorofa wala apatimenti za kupangisha, ni nyumba ya kawaida ya zile zinazotengenezwa kiwandani alafu zinaletwa na lori na kufungwa kwenye msingi, ukubwa kama futi za mraba 1,850 hivi. Alipoenda kaunti kuomba kibali cha ujenzi akaambiwa sawa, kibali utapata, ila kwanza ulipe ada ya barabara, dola 23,420. Kwa rate ya wakati ule hizo ni zaidi ya milioni 50 za Kitanzania, na hapo hujanunua hata msumari. Na hela hiyo haikuwa ya kuvuta maji au umeme au ya mkaguzi kuja kuangalia msingi, ilikuwa ya foleni, yaani kaunti inasema nyumba yako mpya itaingiza magari barabarani, barabara zitazidiwa, kwa hiyo changia kuzipanua.

Akalipa. Angefanyaje, bila kulipa hakuna kibali. Ila alilipa huku ameandika kabisa kwamba anapinga, akaomba arudishiwe, kaunti haikumjibu (hili la kutojibiwa naomba ulikumbuke, nitalirudia), akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, akashindwa tena, mpaka ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani ambako tarehe 12 Aprili 2024 majaji wote 9 walikuwa upande wake. Wote 9, mahakama ambayo siku hizi majaji wake hawakubaliani karibu kwenye kitu chochote kikubwa.

Nieleze kwanza kwa nini hii kesi imenikaa kichwani, maana nimeisoma hukumu yote na nimeirudia zaidi ya mara moja, na sio kwamba mimi ni mwanasheria.

Mtaani kwetu miaka michache iliyopita kiwanja cha jirani kiliuzwa, ikaanza kujengwa ghorofa ya apatimenti. Barabara yetu ni ya vumbi, mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumechangishana wenyewe tukamwaga kifusi, greda likapita, tukafurahi kweli, bajaji ikawa inaingia mpaka mlangoni. Basi yakaja matipa ya kokoto na mchanga, yakaja malori ya kumwaga zege, asubuhi mpaka jioni, miezi na miezi, na masika ilipoingia pale kona ya dukani pakawa bwawa, magurudumu yamechimba mifereji miwili unaweza kulaza mtoto ndani. Bodaboda wakakataa kuingia. Kuna dada alikuwa mjamzito wa miezi minane akawa anashushwa barabara kubwa anatembea kwa miguu kwenye tope amebeba viatu mkononi. Tulipomfuata mwenye jengo, na tulimfuata kwa heshima tu, wazee watatu na mjumbe, akasema jamani mimi nimelipia kila kitu nilichoambiwa nilipe, kibali ninacho hiki hapa. Na kweli alikuwa nacho. Hakuvunja sheria yoyote. Mwisho wa siku mjumbe akaitisha kikao tukachanga tena, elfu ishirini kila nyumba, na kwenye hizo nyumba yumo bibi mmoja anayeuza vitumbua ambaye maisha yake yote hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Kwa hiyo niliposikia mara ya kwanza kwamba kuna kaunti huko Marekani inamwambia anayejenga alipie barabara kabla hajapewa kibali, nilisema hawa ndio wenye akili, na huyu mzee anayelalamika alipe tu. Nilianza nikiwa upande wa kaunti mia kwa mia. Sasa siko hapo tena, ingawa na upande wa pili sijahamia wote.

Tuangalie kwanza mahali penyewe. El Dorado ni kaunti iliyo mashariki ya Sacramento, inaanzia kwenye vitongoji vya jiji inapanda milima ya Sierra Nevada mpaka mpakani na jimbo la Nevada. Ndiko Coloma iliko, ambako mwaka 1848 iliokotwa ile dhahabu iliyoleta watu California kutoka kila pembe ya dunia. Ina ukubwa wa kama maili za mraba 1,700 na sehemu kubwa ni msitu na milima ya serikali, watu wamebanana upande wa magharibi karibu na Sacramento na wengine kidogo mashariki kando ya ziwa Tahoe, na katikati kuna barabara kuu moja inayounganisha, Highway 50. Mwaka 1980 kaunti ilikuwa na watu kama elfu 85, mwaka 2020 walikuwa wameshapita laki moja na elfu 90. Watu zaidi ya mara mbili, milima ile ile, barabara kuu ile ile. Anayefanya kazi Sacramento anakaa El Dorado Hills au Cameron Park anaendesha kila siku, weekend watalii wanapanda Tahoe, foleni haikuwa hadithi.

Sasa hela ya kupanua barabara itoke wapi? Hapa lazima uijue sheria moja ya California inayoitwa Proposition 13, wananchi waliipigia kura mwaka 1978. Hiyo iliweka kikomo kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kukadiria kodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka siku nyumba itakapouzwa, na kodi mpya ya jambo maalum lazima ipite kwa theluthi mbili ya kura. Maana yake mtu aliyenunua nyumba zamani anaendelea kulipa kodi ndogo hata kama nyumba yake sasa ni ya dola milioni, na serikali za mitaa zikawa zimefungwa mikono, haziwezi kupandisha kodi kwa wenyeji. Nani amebaki? Amebaki yule ambaye hajafika bado. Yule anayekuja kuomba kibali. Huyo hapigi kura huko, hajahamia, na anahitaji karatasi kutoka kwako, ukimwambia alipe atalipa. Ndio maana California ada za namna hii zimekuwa kubwa na ziko kila mahali.

El Dorado wenyewe walilipigia kura hili moja kwa moja. Mwaka 1998 wananchi walipitisha hatua iliyoitwa Measure Y, ujumbe wake kwa ufupi ni kwamba ujenzi mpya ujilipie barabara zake, sisi tuliopo tusibebeshwe. Naielewa hasira iliyokuwa nyuma ya kura hiyo, ni ile ile ya kwetu kwenye kona ya dukani. Baada ya hapo Bodi ya Wasimamizi ya kaunti, ambayo ni kama baraza la madiwani, ikaiweka ada ndani ya mpango mkuu wao, ikatengeneza jedwali. Kaunti ikagawanywa kanda, kila kanda ina kiwango chake, na kila aina ya jengo ina kiwango chake, nyumba ya familia moja hivi, apatimenti hivi, duka hivi, ofisi hivi. Ukija na ramani yako karani anaangalia uko kanda gani, unajenga nini, anakusomea namba. Ya Sheetz ilisoma dola 21,160 kwa barabara za ndani ya kaunti na dola 2,260 kwa Highway 50. Jumla 23,420.

Hakuna aliyekaa akahesabu kwamba nyumba hii, ya babu na bibi na mjukuu mmoja, itatoa magari mangapi kwa siku na yatapita barabara ipi. Hukumu yenyewe inalisema hilo wazi, kwamba ada haikutokana na gharama ya mradi husika. Jedwali linatengenezwa kwa makadirio ya jumla: miaka ijayo zitajengwa nyumba kadhaa na maduka kadhaa, zitaleta safari kadhaa za magari, tutahitaji kupanua barabara hizi na hizi kwa gharama hii, basi gawanya. Kila mjenzi anabeba fungu la aina yake. Kusema ukweli kwa kaunti yenye maombi mengi sijui ungefanya vipi tofauti, huwezi kumtuma injinia na daftari kwa kila anayejenga chumba na sebule. Lakini gawanya hiyo imefanywa na nani, imechukua namba gani, nani amewekwa kwenye fungu lipi, hapo ndipo pa kuulizana.

Upande wa sheria sasa. Katiba ya Marekani, kwenye rekebisho la tano, inasema mali ya mtu binafsi isichukuliwe kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Serikali ikitaka ardhi yako ipitishe barabara inakulipa. Swali likaja, je ikitaka ardhi yako lakini badala ya kukulipa ikakusubiri siku unaomba kibali ikakuambia nipe kipande ndio nikupe kibali? Hilo lilijibiwa kwenye kesi tatu ambazo bila hizo huwezi kuielewa ya Sheetz.

Ya kwanza ni ya familia ya Nollan, mwaka 1987, nayo ya California, pwani ya Ventura. Walitaka kubomoa kibanda chao cha ufukweni wajenge nyumba ya vyumba vitatu, tume ya pwani ya jimbo ikasema sawa ila mruhusu umma wapite kwenye ufukwe wenu. Sababu iliyotolewa ni kwamba nyumba kubwa itaziba watu walio barabarani wasione bahari. Mahakama ikauliza, mtu aliye barabarani asiyeona bahari anasaidiwa vipi na mtu mwingine anayepita ufukweni nyuma ya nyumba? Hakuna uhusiano. Kwa hiyo sharti la kwanza likazaliwa: unachodai lazima kiwe na uhusiano na madhara ambayo jengo litaleta.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi, ni ya mama mmoja Florence Dolan, mwaka 1994, mji wa Tigard jimbo la Oregon. Alikuwa na duka la vifaa vya mabomba na umeme, anataka kulipanua karibu mara mbili na kuweka lami sehemu ya kupaki magari. Mji ukasema utoe eneo la bonde la mto kando ya kijito cha Fanno, na kipande kingine cha futi 15 kwa ajili ya njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, jumla kama asilimia 10 ya kiwanja chake. Hoja ya mji kwenye njia ya baiskeli ilikuwa duka likipanuka litaleta safari za magari 435 zaidi kwa siku, na njia ya baiskeli inaweza kupunguza baadhi. Mahakama ikang'ang'ania hilo neno moja, inaweza. Kusema inaweza kupunguza ni tofauti na kuonyesha kwamba itapunguza, au itapunguza kwa kiasi gani. Wakasema hatudai hesabu ya kufikia senti, lakini mji lazima ufanye jitihada ya kuonyesha kwamba unachomdai kinalingana kwa kadiri na mzigo anaouleta. Hilo likawa sharti la pili. Mimi niliposoma hapo nikamfikiria karani yeyote ninayemjua wa ofisi yoyote ya ardhi akiulizwa, mama huyu anadaiwa hivi kwa nini hasa, na akalazimika kujibu kwa namba.

Ya tatu ni ya Koontz, Florida, mwaka 2013, ambayo ilisema masharti hayo mawili yanahusu hata pale serikali inapodai hela badala ya ardhi. Ni kweli ukifikiri, maana kama ingekuwa ardhi tu basi kila ofisi ingeacha kudai ardhi ikadai hela yenye thamani ile ile.

Basi ukisoma hizo tatu unaona Sheetz ameshinda mapema. Kwa nini alishindwa California? Kwa sababu mahakama za California zilikuwa zimeacha mlango. Walisema hayo masharti mawili yanatumika pale ofisa anapomkalia mtu mmoja mezani akamwambia wewe nipe hiki, hapo kuna hatari ya kukamuliwa. Lakini kama ada imepitishwa na baraza, iko kwenye jedwali, inawahusu wote sawasawa, basi hakuna wa kukamuliwa, ni kama kodi tu, asiyependa akapige kura kuwatoa madiwani. Mahakama ya juu ya California ilisema hivyo kwenye kesi ya hoteli ya San Remo mwaka 2002, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikamwambia Sheetz vivyo hivyo, ada yako imetoka kwenye jedwali, masharti hayakuhusu.

Hoja hiyo sio ya kupuuza, na mimi mwenyewe ilinishika kwa muda. Jedwali linalinda watu na upendeleo, mwenye undugu na ofisa analipa sawa na asiye na undugu, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya maofisi tunajua thamani ya bei iliyobandikwa ukutani. Lakini jedwali likitungwa vibaya linawaumiza watu elfu moja kwa pamoja badala ya mmoja. Na kuhusu kura, nimeshasema, anayelipa ada hii mara nyingi ni mtu ambaye bado hajahamia, au yuko mmoja mmoja, wakati wanaofaidi kwa kutopandishiwa kodi ni wapiga kura wote waliopo. Diwani atamsikiliza nani?

Jaji Amy Coney Barrett ndiye aliyeandika hukumu ya 2024, na ni fupi, unaimaliza kwenye safari ya daladala moja. Anachosema ni kwamba katiba haijabagua. Haijasema ofisa asichukue mali bila fidia ila baraza likichukua ni sawa. Ukirudi kwenye historia utakuta mabunge ndiyo yaliyokuwa yakichukua mali za watu muda mrefu, kwa hiyo kuyapa msamaha hakuna mantiki. Cha kushangaza ni kwamba mpaka kufika hapo hata kaunti yenyewe ilikuwa imeshakubali hoja hiyo, ubishi ukawa umebaki kwenye vitu vingine. Hukumu ya chini ikafutwa, kesi ikarudishwa California ichambuliwe upya.

Na hapa ndipo watu wengi walipoteleza. Siku zile kulikuwa na shangwe upande mmoja na kilio upande mwingine, kwamba ada za ujenzi zimekufa Marekani, halmashauri zitafilisika, au madivelopa, yaani wenye kampuni za kujenga na kuuza majengo, wamekombolewa. Hapana. Mahakama haikusema ada ya Sheetz ni haramu. Haikusema arudishiwe hela. Ilisema tu jedwali la baraza nalo lipitishwe kwenye kipimo kile kile. Swali kubwa kuliko yote, kwamba je ada inayotozwa kundi zima la majengo lazima ipimwe kwa kila nyumba peke yake au inatosha kupimwa kwa kundi, waliliacha wazi makusudi. Jaji Kavanaugh, pamoja na Kagan na Jackson, aliandika pembeni kwamba hukumu hii haizuii ule utaratibu wa kawaida wa kutoza kwa fomula na jedwali. Gorsuch naye akaandika kwamba kwa maoni yake hakuna tofauti, kipimo ni kile kile iwe mtu mmoja au kundi. Sotomayor na Jackson wakasema bado halijajibiwa kama hela ya namna hii ingehesabika ni kuchukua mali kama ingedaiwa nje ya kibali. Kwa hiyo majaji 9 wamekubaliana kwenye swali dogo, na kwenye lile kubwa kila mtu anaangalia upande wake.

Nilibadilika wapi basi? Kwenye swali la nani hasa anayelipa. Kichwani kwangu "divelopa" alikuwa yule mwenye ghorofa la kwetu, mtu ambaye apatimenti zikijaa anarudisha hela yake. Kampuni inayojenga nyumba 300 ikitozwa dola elfu 20 kwa kila nyumba haitoi mfukoni, inaongeza kwenye bei au inakata kwenye bei inayomlipa mwenye shamba. Pia kampuni kubwa ina watu wa kukaa mezani, mara nyingi inaruhusiwa kujenga kipande cha barabara yenyewe alafu ikakatwa kwenye ada. Babu anayetaka kumlea mjukuu hana wa kumwongezea bei. Jedwali linamwita divelopa kwa sababu ameomba kibali, basi. Na jedwali lililoangalia aina ya jengo na kanda haliulizi nyumba ina ukubwa gani wala wanaoishi humo wana magari mangapi. California wenyewe wameliona hilo, sheria waliyopitisha mwaka 2021 inataka utafiti wa ada unaofanywa kuanzia Julai 2022 upige hesabu ya nyumba kwa futi za mraba, ili nyumba ndogo ilipe kidogo, labda kuwe na sababu ya msingi ya kutofanya hivyo. Tangu zamani pia wana sheria ya 1987 inayotaka hela za ada hizi zikae akaunti yake peke yake, na zikikaa miaka mitano bila kutumika serikali ieleze zinasubiri nini, ikishindwa irudishe. Hiyo ya miaka mitano mimi ningeipigia kura hata leo asubuhi.

Kwetu Tanzania tumechagua njia nyingine kabisa, barabara zinabebwa sana na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zinazosimamiwa na TARURA. Uzuri wake ni kwamba anayeendesha sana analipa sana, na analipa kidogo kidogo, hakuna anayekutana na milioni 50 dirishani. Ubaya wake ni kwamba nauli inapanda na bei ya nyanya inapanda, kwa hiyo yule bibi wa vitumbua asiye na baiskeli naye analipa, na mwenye kujenga ghorofa linaloua barabara moja maalum, ya mtaa mmoja maalum, analipa lita zake tu kama mtu mwingine yeyote. Ile hela inaenda kwenye kapu la nchi nzima, kona ya dukani itasubiri foleni. Kwa hiyo bado naamini anayeleta mzigo mkubwa mahali pamoja achangie mahali hapo. Ila nataka nione mzigo wenyewe umepimwa.

Kesi iliporudi California majaji wa rufaa safari hii waliipima kweli. Na mwaka 2025 wakatoa jibu: ada inasimama. Wakasema uhusiano upo, maana hela inaenda kwenye barabara kwa ajili ya foleni inayoletwa na ujenzi mpya, na ulinganifu upo, kwa sababu namna kaunti ilivyogawa gharama kwa aina ya jengo na kwa eneo ina msingi wa kutosha, haikulazimika kuhesabu nyumba ya Sheetz peke yake. Baada ya miaka 9 na ushindi wa majaji 9, dola 23,420 zilibaki kwa kaunti.

Kuna watu wanasema sasa ule ushindi wa 2024 ulikuwa wa nini. Mimi naona sio bure. Mwaka 2022 jibu lilikuwa haya hayakuhusu. Mwaka 2025 jibu lilikuwa tumekaa tumeangalia hesabu yako, hii hapa, na tumeona inatosha. Unaweza kukataa hesabu, mimi pia kwa nyumba ile ningependa kuona namba tofauti, lakini sasa kuna hesabu ya kukataa, na kaunti yoyote inayotunga jedwali sasa inajua kuna siku itaulizwa. Ninachoumia nacho ni ile barua ya mwanzo. Mtu amelipa milioni 50, ameandika kwamba anapinga, ameomba arudishiwe, na hakujibiwa. Karatasi moja tu ya kumwonyesha, mzee wetu, hizi 21,160 ni za upanuzi wa barabara hii na hii, fungu la nyumba ya aina yako limepatikana hivi, na hizi 2,260 ni za Highway 50, pengine bado angeshtaki, lakini angeshtaki akijua anabishana na nini.

Mvua za mwaka huu zilipoisha tulichanga tena mtaani kwetu. Safari hii nilimwomba mjumbe tuandike, akakubali bila shida, na karatasi ikabandikwa ukutani pale dukani juu ya friji ya soda: nyumba 34, nani ametoa kiasi gani, tripu ngapi za kifusi na kila tripu bei gani, greda saa ngapi. Mwenye ghorofa alipita akasimama akaisoma yote mpaka chini. Kesho yake alimtuma mlinzi wake na hela ya tripu nne, na tukaiandika hapo hapo chini ya majina.